Filimbi ya Bati: Shule Isiyokuwa na Darasa

Ukizungumzia muziki wa mjini barani Afrika, wa kwanza kutajwa ni mpiga gitaa. Wa pili ni mwimbaji. Wapulizaji hutajwa mwishoni, na hata hao, anayepewa heshima ni yule mwenye saksafoni inayong'aa, aliyevaa suti na kusimama mbele ya jukwaa. Mtoto wa mtaani mwenye filimbi ya bati hatajwi kabisa. Huyo watu humhesabu kuwa anajichezea tu, kama mwenzake anayecheza gololi.

Makala haya yanamhusu mtoto huyo. Yanawahusu vijana wa Johannesburg na Pretoria wa miaka ya 1950, ambao kwa filimbi yenye vitundu sita walitengeneza muziki ulioitwa kwela, muziki ambao mwaka 1958 ulifika nafasi ya pili katika chati za Uingereza. Hawakuwa na mwalimu wa mshahara, hawakuwa na kitabu cha noti, na wengi wao hawakuwa na ruhusa hata ya kusimama pale walipopigia. Nataka tuangalie mambo mawili, ndugu msomaji: walijifunza vipi, na walilipwa nini. Hilo la pili ndilo lenye uchungu, hasa kwetu sisi tunaojaribu kuandika.

CHOMBO CHENYEWE

Filimbi ya bati asili yake ni Ulaya. Mwingereza Robert Clarke alianza kuzitengeneza mwaka 1843. Kazi yenyewe haikuwa na maajabu: bati jembamba linakunjwa kuwa mrija, mpana juu na mwembamba chini, mdomo wa juu unazibwa kwa kizibo cha mti, ikibakizwa nafasi ndogo ya kupitisha pumzi, kisha mbele vinatobolewa vitundu sita. Basi. Haina tete la kutetemeka mdomoni kama zumari, wala haina vibonyezo kama saksafoni. Pumzi inapita katika ile nafasi nyembamba, inagonga ukingo wa bati, inagawanyika, na hapo sauti inazaliwa.

Huenda utauliza: mbona wataalamu wanaiweka filimbi ya bati katika ukoo mmoja na klarineti, yaani ukoo wa ala za mbao za kupuliza? Sababu ni kwamba kinachoangaliwa ni namna sauti inavyozaliwa, siyo kitu kilichotumika kutengenezea. Hata saksafoni ni ya shaba tupu, lakini imo katika ukoo huo huo, kwa kuwa sauti yake hutoka kwenye tete, haitoki kwenye midomo inayotetemeka kama ya mpiga tarumbeta.

Sasa chukua filimbi mkononi. Ziba vitundu vyote sita kwa vidole vitatu vya kila mkono, puliza polepole, utapata sauti ya chini kabisa. Fungua kimoja kimoja kuanzia chini, utapanda ngazi. Ukifika juu, ziba vyote tena na upulize kwa nguvu kidogo: ngazi ile ile inaanza upya, oktava moja juu. Mtoto mwenye masikio mazuri anaweza kugundua yote hayo peke yake kabla jua halijazama. Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya filimbi ya bati. Ni rahisi kununua, ni rahisi kuanza, na inaingia mfukoni. Polisi akitokea, unakimbia nayo.

Afrika Kusini filimbi hizi ziliuzwa madukani kwa bei ambayo hata kijana muuza magazeti aliweza kuimudu, na kampuni ya Ujerumani ya Hohner, inayojulikana zaidi kwa vinanda vya mdomo, ilikuwa miongoni mwa waliozitengeneza. Lakini zilikuta udongo ulioandaliwa. Huko mashambani watoto wachungaji walikuwa na filimbi zao za matete. Huko mijini, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, vikundi vya vijana viliandamana barabarani siku za mapumziko kwa filimbi na ngoma, wakiiga bendi za askari wa Kiskoti, wengine mpaka na zile sketi zao. Msomaji wa pwani hatashangaa. Ngoma ya beni ya Lamu, Mombasa na Tanga nayo ilizaliwa hivyo hivyo, watu wakiliangalia gwaride la mkubwa, kisha wakalifanya lao.

JICHO NA SIKIO

Kijana wa kwanza wa filimbi kujulikana sana aliitwa Willard Cele, wa Alexandra, kitongoji cha Waafrika pembezoni mwa Johannesburg. Mwaka 1951 ilitoka filamu iitwayo The Magic Garden, iliyoongozwa na Donald Swanson, na ndani yake Cele anaonekana akipuliza. Mwaka huo huo ikatoka na santuri yake. Cele hakuishi muda mrefu baada ya hapo, lakini alikuwa ameshawaachia wenzake jambo moja kubwa.

Mzungu aliyetengeneza filimbi ile alikusudia ishikwe wima, mdomo ukiwa katikati. Vijana wa kwela hawakufanya hivyo. Waliigeuza upande, wakaiingiza mdomoni kwa mshazari karibu na shavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo. Kwa kufanya hivyo sauti ilitoka nene, yenye mkwaruzo, na mpigaji aliweza kuivuta noti juu na chini. Wakaongeza ufundi wa kuziba kitundu nusu, ili wapate zile noti za katikati zenye huzuni, walizozisikia katika santuri za jazi kutoka Marekani. Filimbi ya watoto wa Kizungu ikaanza kulia kama saksafoni.

Hebu fikiria, nani aliwafundisha hayo? Hakuna kitabu cha mafunzo kilichosema "geuza filimbi upande." Yaliingia kwa jicho. Mmoja alimwona mwenzake kwenye filamu au kwenye kona ya mtaa, akaenda nyumbani akajaribu, akashindwa, akarudi kuangalia tena. Huku kwetu zumari limerithiwa kwa njia hiyo hiyo. Mpuliza zumari wa Lamu au Pemba hujaza mashavu pumzi na kuisukuma nje huku akivuta nyingine kwa pua, hivyo sauti haikatiki hata ngoma ikichukua saa nzima. Hilo halielezeki vizuri kwa maneno. Mwanafunzi anakaa karibu na fundi, anatazama mashavu yake, na anaharibu mara nyingi mpaka siku moja pumzi inakubali.

Shule ya kwela, pamoja na kukosa darasa, ilikuwa na madaraja. Bendi ya kawaida ilikuwa na filimbi kiongozi mmoja, filimbi mbili tatu za kuitikia, gitaa, na besi iliyotengenezwa kwa sanduku la chai, kijiti na uzi mmoja. (Wapenzi wa kidumbak cha Unguja wanalijua sanduku hilo vizuri sana.) Gitaa lilizunguka kwenye kodi tatu zile zile, tena na tena, bila kuchoka. Katika mzunguko huo mtoto mgeni aliwekwa kwenye kuitikia. Kazi yake ni kipande kifupi cha noti nne au tano, kinachorudiwa mpaka mwisho. Akishakizoea, masikio yake yanapata nafasi ya kumsikiliza kiongozi. Na kiongozi alipochoka, au alipokamatwa, aliyekuwa akiitikia alisogea mbele.

Tazama alivyofika Spokes Mashiyane. Jina lake la kuzaliwa ni Johannes, amezaliwa 1933 karibu na Pretoria. Utotoni alichunga ng'ombe akipuliza filimbi ya tete. Alipofika Johannesburg alifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu, na siku za mapumziko alikwenda kwenye bustani ya Zoo Lake kupiga filimbi akisindikizwa na mpiga gitaa Frans Pilane. Watu wakajaa. Mwaka 1954 Strike Vilakazi, mwanamuziki aliyekuwa akitafuta vipaji kwa ajili ya kampuni ya Trutone, akampeleka studio. Santuri ya kwanza, yenye wimbo Ace Blues upande mmoja, ilipendwa vibaya sana. Mchunga ng'ombe na mpishi wa watu akawa jina linalotajwa kila mtaa.

KARANDINGA

Neno lenyewe kwela linatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Kwa Kizulu na Kixhosa khwela maana yake ni kupanda. Sisi tunasema kwea. Ni neno moja lililolelewa katika nyumba mbili.

Kwa nini muziki uitwe "panda"? Wapo wanaosema ni mwito kwa wachezaji, kwamba njoo, ingia, panda tucheze. Wengine wanakumbusha kwamba gari la polisi, lile ambalo sisi tunaliita karandinga, vijana wa Johannesburg waliliita khwela-khwela, kwa sababu polisi alipokukamata alikuamuru upande. Maelezo yote mawili yanaweza kuwa ya kweli kwa pamoja, na mtaa hauoni taabu neno moja likibeba furaha na kitisho.

Ushahidi wa maelezo ya pili umo ndani ya santuri yenyewe. Wimbo Tom Hark wa kundi la Elias and His Zig Zag Jive Flutes, vijana wa Alexandra, hauanzi kwa muziki. Unaanza kwa kelele za kijiweni: vijana wanacheza kamari kwa lugha ya mtaani, mara mmoja anatahadharisha kwamba gari linakuja. Kamari inafichwa, filimbi zinatolewa, na muziki unaanza kana kwamba hapakuwa na jambo lolote. Polisi akifika anakuta watoto wanapiga filimbi.

Lakini kupiga filimbi nako kulikuwa na matatizo yake. Nchi ile ilikuwa chini ya serikali ya Makaburu tangu 1948. Sheria ya mwaka 1950 iligawa maeneo ya mji kwa rangi za watu. Mwafrika mtu mzima alipaswa kutembea na kipande chake, na bila kipande sahihi hakuwa na haki ya kuwa mjini. Vijana wa filimbi walitoka vitongojini wakaingia katikati ya mji na mitaa ya Wazungu kutafuta sarafu. Wakifika wakapiga, watu wa rangi zote walisimama kusikiliza, na baadhi ya vijana wa Kizungu walianza kucheza. Kwa sheria za nchi hiyo, kundi la namna hiyo lilikuwa hatari kuliko wizi wa mfukoni. Polisi walikuja kulitawanya. Kwa hiyo mwanafunzi wa shule hii alijifunza mambo matatu pamoja: noti, pumzi na mbio.

WENZAO WALIOPATA MWALIMU

Ili tuone tofauti, tuangalie upande wa pili. Shule ya St Peter's ya Rosettenville, Johannesburg, ilikuwa chini ya Padri Trevor Huddleston, Mwingereza aliyepinga ubaguzi waziwazi. Mwanafunzi wake mmoja mtundu, Hugh Masekela, alimwambia kwamba akipata tarumbeta hatasumbua mtu tena. Padri akamnunulia, kisha akamwomba Uncle Sauda, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya Waafrika ya manispaa ya Johannesburg, aje amfundishe. Wenzake nao wakataka vyombo, ikazaliwa Huddleston Jazz Band.

Ona basi jinsi mambo yalivyokwenda. Aliyekuwa shuleni alipata chombo, akapata fundi wa kumwonyesha, akapata chumba cha mazoezi. Lakini shule hiyo nayo haikudumu. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 ilikabidhi elimu ya Waafrika kwa serikali, na St Peter's ikafungwa mwaka 1956. Huddleston alirudishwa Uingereza, na mwaka 1960 akaja kwetu kuwa Askofu wa Masasi, akakaa huko mpaka 1968. Wazee wengi wa kusini walimfahamu kama askofu tu, bila kujua habari ya tarumbeta.

Ndipo unapoelewa kwa nini shule ya mtaani ilikuwa na nguvu. Serikali iliweza kufunga St Peter's kwa kuwa ilikuwa na mlango. Kona ya mtaa haina mlango. Unaweza kuwakimbiza wanafunzi wake leo, kesho wako kona nyingine.

STUDIO NA MSHIKO

Sasa tuje kwenye pesa.

Katika miaka hiyo ya 1950 makampuni ya santuri ya Johannesburg yaligundua kwamba mtoto wa filimbi ni dili. Hahitaji bendi kubwa, anarekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja, na akishamaliza anapewa malipo ya siku hiyo, anaondoka. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kawaida kwa wanamuziki Weusi: malipo ya mara moja, bila mrabaha. Santuri iuze nakala mia au laki, mpigaji alikuwa ameshamalizana na kampuni.

Tom Hark ilirekodiwa katikati ya miaka ya 1950 chini ya usimamizi wa Rupert Bopape, mtafuta vipaji wa EMI. Mwaka 1958 televisheni ya Uingereza ikautumia kama wimbo wa utambulisho wa mchezo uitwao The Killing Stones. Waingereza wakaenda madukani kuutafuta, ukapanda mpaka nafasi ya pili. Bendi kubwa ya Ted Heath ikaupiga upya. Mwaka 1980 kundi la Kiingereza liitwalo The Piranhas likautilia maneno, ukaingia tena katika nyimbo kumi za juu, na mashabiki wa mpira wa nchi hiyo wakaufanya wimbo wa viwanjani.

Wapulizaji walikuwa Aaron Jack Lerole, ndugu yake Elias, na wenzao. Lerole ndiye anayetajwa na wengi kuwa mwenye wimbo. Lakini katika karatasi ya santuri, pale panapoandikwa jina la mtunzi, palisomeka R. Bopape. Mrabaha hufuata jina lililoandikwa, haumfuati aliyepuliza. Lerole aliendelea na muziki, akajulikana kwa sauti yake nzito iliyompa jina la Big Voice Jack, miaka ya 1980 akapiga na kundi la Mango Groove, na akafariki mwaka 2003. Hakupata utajiri wa Tom Hark.

Hakuwa wa kwanza. Solomon Linda aliyeimba Mbube mwaka 1939 alifariki maskini mwaka 1962, wakati wimbo wake ulikuwa umeshazunguka dunia kwa majina mengine, na ilibidi wanawe wafike mahakamani ndipo wakapata makubaliano mwaka 2006. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Spokes Mashiyane alilielewa somo hili mapema. Mwaka 1958, akiwa na jina kubwa, aliihama Trutone akaenda kampuni ya Gallo, na anatajwa kuwa miongoni mwa wanamuziki Weusi wa kwanza nchini humo kupata mrabaha wa santuri zao. Alichokuwa nacho Spokes ambacho Lerole hakuwa nacho ni nafasi ya kukataa. Alijua kuwa kampuni inamhitaji, na alijua kuwa kuna kampuni nyingine ng'ambo ya barabara.

KUTOKA BATI HADI SAKSAFONI

Mwaka huo huo wa 1958 Spokes alirekodi Big Joe Special, safari hii akipuliza saksafoni. Wimbo ulipendwa, na kila kampuni ikataka saksafoni. Kwela ya filimbi ikaanza kufifia, ikapisha muziki mpya wa saksafoni na gitaa la umeme uliokuja kuitwa mbaqanga.

Watu wengi wanashangaa jinsi watoto wa filimbi walivyohamia saksafoni haraka kiasi hicho bila kwenda chuo. Ukiijua filimbi hushangai. Vidole sita vinavyoziba vitundu vya filimbi ndivyo vinavyobonyeza vibonyezo vikuu sita vya saksafoni, kwa mpangilio unaokaribiana. Zaidi ya hapo, saksafoni kama filimbi, ukipanda ngazi ya pili unarudia vidole vile vile na sauti inakuja oktava moja juu. Klarineti haiko hivyo. Ikipanda inaruka hatua kumi na mbili, kwa hiyo vidole vile vile vinatoa noti nyingine kabisa, na mwanafunzi analazimika kukariri mipangilio miwili. Kijana wa kwela alikuwa ameshamaliza somo la vidole kona ya mtaa. Lililobaki ni mdomo: kubana tete kiasi kinachotosha, na kulilisha pumzi nyingi zaidi.

Orodha ya waliovuka ni ndefu. West Nkosi alianza na filimbi mitaani Pretoria, akawa mpiga saksafoni wa Makgona Tsohle Band, na baadaye mtayarishaji wa santuri za Ladysmith Black Mambazo, alifariki 1998. Barney Rachabane alianza utotoni na filimbi huko Alexandra, akawa mmoja wa wapiga saksafoni wakubwa wa jazi ya nchi yake mpaka kifo chake mwaka 2021. Lemmy Mabaso, aliyeitwa Lemmy Special, alisimama na filimbi yake katika mchezo wa kuimba King Kong uliofunguliwa Johannesburg mwaka 1959, akaenda nao London mwaka 1961 angali kijana mdogo.

Hata hivyo kuna kilichopotea, na wanaosifu maendeleo hawakisemi. Saksafoni hainunuliwi kwa sarafu za kupiga barabarani, wala hutoki nayo mbio polisi akikufukuza. Wapulizaji wakawa watu wa studio. Yule mtoto wa noti nne, aliyekuwa akiitikia nyuma ya kiongozi, hakuwa na mahali pa kusimama tena. Milango ya studio haikuwa na nafasi ya mtu anayekuja kujifunza kwa kuharibu.

MWANAFUNZI MZUNGU

Shule hiyo haikufa yote. Vibarua wa migodini na mashambani waliihamisha. Shirika la Wenela lililokuwa likiajiri watu wa migodi ya Afrika Kusini liliwafikia hata vijana wa Tukuyu na Kyela, na liliwachukua watu wengi kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Kwela ilifuata njia hizo za kazi kupitia Salisbury, ambayo leo ni Harare.

Huko Salisbury mtoto wa Kimalawi, Donald Kachamba, aliyezaliwa 1953, aliokota filimbi akajifunza kwela. Kaka yake Daniel akashika gitaa. Mwaka 1967, wakiwa wamesharudi Malawi, walikutana na mtafiti wa muziki kutoka Austria, Gerhard Kubik. Msomi huyo hakuishia kuandika tu. Aliomba kupiga nao, akashika klarineti, akaingia kwenye bendi ya vijana hao, na miaka ya 1970 wakazunguka nchi nyingi za Afrika na Ulaya.

Mwalimu hapo alikuwa mtoto wa filimbi, na mwanafunzi alikuwa mtu wa chuo kikuu. Kubik alijua vizuri kwamba muziki ule hauwezi kueleweka kwa kuangaliwa kutoka nje. Inabidi uingie kwenye mzunguko, upewe kipande chako kifupi cha kuitikia, ukirudie mpaka masikio yafunguke.

TUNACHUKUA NINI?

Sisi wa gazeti hili wengi wetu tuko kwenye hatua ya filimbi ya bati. Tuna daftari la mistari na kalamu ya kuazima. Hatuna mhariri wa mshahara wala chuo cha uandishi. Habari za vijana wa kwela zinatuambia kwamba hilo lisitutie unyonge. Chombo cha bei ndogo kinaweza kufanya kazi kubwa kama mtu anakubali kukigeuza upande, yaani kukitumia kwa namna yake na si kwa namna ya aliyekitengeneza. Zinatuambia pia kwamba haiwezekani kujifunza peke yako chumbani. Cele aliwahitaji waliomwangalia, na Spokes alimhitaji Pilane. Kijiwe chetu cha kusomeana hadithi Jumamosi kina thamani hiyo, na anayekuja mara ya kwanza apewe nafasi ya kuitikia, asichekwe.

Lakini wenzangu, tusiishie kwenye hadithi tamu ya vipaji vya mtaani. Wale vijana walijua kila kitu kuhusu pumzi na vidole, ila hakuna aliyewafundisha kusoma karatasi waliyotakiwa kutia saini. Somo hilo halikuwemo katika shule yao, na kulikosa kuliwagharimu maisha yote. Basi sisi tuliingize katika ya kwetu. Mtu akitaka kuchapisha hadithi yako, soma mkataba mpaka mwisho. Usipoelewa, mpe mwenzako asome. Uliza jina la nani litaandikwa, pesa italipwa mara ngapi, na nakala zikichapishwa upya itakuwaje. Ukiona haya kuuliza, kumbuka kwamba mashabiki wa mpira wa Uingereza wanaimba Tom Hark, na wengi wao hawajui kuwa ulitoka Alexandra.